Oili Aliyoitaka Shemeji

Dada yangu ni fundi wa injini za mashindano, na mumewe ndiye anayeziendesha. Kwenye picha shemeji ni meno nje; nyumbani ni mwepesi wa kupiga. Nilishamwambia dada amwache, akanijibu nishughulike na yangu.

Safari hii waligombania oili. Shemeji, ambaye injini anaijua kwa kuikanyaga tu, alisikia kwamba wapinzani wake wanatumia nyepesi kama maji ili injini izunguke kwa wepesi, naye akaitaka. Dada akamweleza taratibu. Injini za wale zimefungwa kwa kubana. Hii ameifunga yeye mwenyewe, akaziachia beringi nafasi kubwa kidogo ili zihimili mizunguko mikali, na nafasi hiyo inataka oili nzito, isiyokatika ikipata moto. Ukiweka nyepesi, presha inashuka, chuma kinasaga chuma, mkono wa pistoni unakatika na kutoboa ubavu wa injini. Oili inarukia ekzosi iliyoiva kwa joto na kushika moto, na dereva amefungwa mikanda.

Shemeji alimjibu kwa kumpiga spana mdomoni. Jino likaruka hadi kwenye trei ya nati. Kisha akaimwaga oili nzito, akajaza aliyoitaka, huku anapiga mluzi kama mtu anayemwagilia maua.

Damu ilinichemka. Dada akiwa bado anasukutua bombani, nilimwambia amwache aende akaungue huko huko, tupumzike. Nilimaanisha kila neno, na mpaka leo namaanisha.

Siku ya mashindano gari lilikuwa bado juu ya jeki, shemeji akiwapungia watu mkono. Dada akaja na nyundo na tindo, akajisukuma uvunguni, akaanza kuitwanga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Alipiga kama anayeua nyoka. Bakuli likapasuka, oili ikamfunika uso. Shemeji akamshika miguu, akamburura kwenye kokoto, akampiga teke la mbavu. La pili halikufika. Nyundo ilimpata shemeji kwenye goti, na mimi niliyesimama mbali nilisikia mfupa ukivunjika.

Akaanguka akilia. Watu walikuja mbio, dada akawainulia nyundo, wakasimama. Akajipangusa macho kwa mkono wa ovaroli, akamwinamia mumewe, akaongea taratibu kama alivyoongea siku ile gereji.

"Leo nimekutolea hiyo oili kwa sababu bado ni mume wangu," alisema. "Ukinigusa tena, nitakuwekea kwa mkono wangu mwenyewe, na mikanda nitakufunga mimi."