Kitambaa Cheupe kwenye Kiti cha Guka

Kamba ya katani ikinyeshewa hutoa harufu yake, kama gunia la viazi lililosahauliwa nje. Wengi hawaipendi. Mimi nikiinusa, hata kama nimeingia tu dukani kutafuta misumari, narudi moja kwa moja kwenye zile nyumba za kampuni pale Nakuru, asubuhi lori lilipokuja kumchukua Guka.

Guka ni baba yake mama yangu. Alifanya kazi kiwanda cha unga tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na nyumba tuliyoishi sisi watatu, yeye, mama na mimi, ilikuwa ya kiwanda. Alipostaafu tukaambiwa nyumba inatakiwa mwisho wa mwezi. Guka angerudi kwao, upande wa Kakamega. Mama na mimi tungehamia chumba kimoja Kaptembwa, hapo hapo Nakuru, kwa sababu cherehani ya mama ilikuwa mjini na mimi nilikuwa darasa la tatu. Kila kitu kilipangwa vizuri kabisa, ila tu mimi sikuulizwa. Mimi nilitaka Guka abaki. Hiyo tu.

Ndipo akaja Mama Chebet. Mama huyu mzaliwa wa Olenguruone alikuwa na kazi ambayo mpaka leo sijaiona ikiandikwa kwa kibao chochote. Mtu akistaafu, akifiwa, akiolewa mbali, ama ndoa ikivunjika na vyombo vya nyumba moja vikaenda nyumba mbili, anaitwa yeye. Watu walisema ni mama wa kuhamisha, lakini kubeba walibeba vijana wa lori. Yeye alikuja siku moja kabla, bila kamba, bila gunia. Alikaa, akanywa chai yote aliyopewa, halafu akauliza swali lake: mtu akiamka huko aendako, ile asubuhi ya kwanza, angependa macho yake yaone nini? Jibu likishatoka, kitu hicho ndicho alichokilinda kuliko vingine vyote. Mama yangu aliniambia kuna mjane wa Keringet aliyejibu ni kalenda ya zamani, ile marehemu alikuwa akiandikia siku za ng'ombe kuzaa. Kalenda hiyo ilisafiri juu ya mapaja ya Mama Chebet kama mtoto mchanga.

Guka hata hakufikiria. Alisema, "Kiti changu."

Kilikuwa kiti kifupi cha mbao, mikono yake imeng'aa kwa kushikwa, mguu mmoja umeongezewa kipande cha bati. Fundi wa kiwandani ndiye alikitengeneza. Mgeni akikikalia kwa kutojua, Guka alisafisha koo. Alikohoa. Akakohoa tena. Mpaka mgeni akagundua kwamba yeye kumbe ni mtu wa kupenda benchi.

Baada ya chai Mama Chebet alitoa vitambaa vyembamba alivyokata kwa nguo kuukuu, akapita akifunga kimoja kwa kila kitu. Chekundu, hicho kinapanda lori. Cheupe, kinabaki Nakuru. Cha kijani ni cha kupewa jirani. Alifunga fundo dogo gumu na kulikunja likajificha chini. Kwenye kiti cha Guka akafunga chekundu.

Usiku huo nililala na mpango. Guka hangeweza kuishi mahali ambapo kiti chake hakipo, hilo nililijua vizuri kuliko hesabu za kugawanya. Kwa hivyo kiti kikibaki, Guka atabaki. Asubuhi, wakubwa wakiwa nje wanahangaika na kitanda, nilifungua kile chekundu kwa meno, nikakitupa nyuma ya choo, nikafunga cheupe kimoja kilichobaki mezani. Fundo nililolijua lilikuwa moja, lile la kamba za viatu tulilofundishwa shuleni.

Manyunyu yalianza wakati wa kupakia. Kijana mmoja wa lori, mtu wa maneno mengi, alisimama mbele ya kiti na kujikuna kichwa. "Mathe, hii kiti ya mzee si jana ilikuwa nyekundu? Ama usiku imebadilisha timu?"

Mama Chebet aliinama, akaangalia fundo. Kisha akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa nakagua viatu vyangu. Akatoka nje mpaka kwa mfereji, ambako Guka alikuwa ananawa mikono, wakaongea kidogo. Injini ya lori ilikuwa inanguruma, sikusikia kitu. Aliporudi alimwambia yule kijana, "Inabaki. Wewe beba godoro."

Nilikuwa nimeshinda. Guka alipopanda mbele karibu na dereva, nilimpungia mkono kana kwamba anaenda sokoni tu. Nilijua atakumbuka kiti, ashuke. Lori lilifika kwa geti. Likapinda. Nikangoja mpaka mama akaniita mara tatu.

Kule Kaptembwa sikula siku mbili, mama akadhani ni malaria. Wiki ilipoisha Mama Chebet alikuja kututazama, na hakuna aliyemwita. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi yake. Alinikuta nimejikunja sakafuni, kando ya kiti cha Guka. Aliniambia tu nikae juu, sakafu ni baridi, kisha akaomba chai.

Shule zilipofungwa, Guka alitokea na kuku mmoja na mkungu wa ndizi. Alimsalimia mama, akapita moja kwa moja, akaketi. "Nimekuja kukalia kiti changu," alisema. Likizo iliyofuata akaja tena, akasema maneno hayo hayo. Kule kwao wazee wenzake walimcheka, wakimwambia mzee asiye na kiti nyumbani kwake bado hajastaafu, ametoroka tu.

Shule yangu iliishia kidato cha pili. Leo nafanya kazi na Mama Chebet, mimi ndiye nakata vitambaa, na nina ndoto ya lori langu mwenyewe, la buluu, jina langu mlangoni. Rangi nimeshachagua, lori ndilo bado. Majuzi tukinywa chai nikamwungamia dhambi ile, nikiringa kidogo. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Fundo lilikuwa na masikio mawili," alisema. "Ulidhani ni langu?"

Halafu akaniambia ya pale mferejini. Alimweleza Guka kwamba kiti kimebadilishwa kitambaa, na kwa vile ndicho alichotaka kuamka akione, je, afungue? Guka aliendelea kunawa mikono ambayo ilikuwa safi kitambo.

"Usifungue," alisema. "Mimi nitaamka nitazame ukuta."

Alikuja likizo zote mpaka miguu ikakataa. Akiketi na kupiga hadithi, vidole vyake vilikuwa vikichezea kile kitambaa, ambacho kilishageuka rangi ya chai, masikio yake mawili bado yamesimama. Hakukifungua. Na mimi, hapo chini karibu na miguu yake, nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo asije akauliza kilitoka wapi.