Tairi Pana za Ndugu Yangu

Ndugu yangu alinipiga ngumi dukani Kitale, mbele ya muuza vipuri, kwa sababu ya tairi. Nami nikamrudishia palepale, maana ngumi ya mdogo wako huwezi kwenda kulala nayo. Mwenye duka, mzee wa heshima zake, alitutenganisha kwa kiti cha plastiki huku akiuliza kama hatuoni haya, watu wazima, tena wa tumbo moja.

Haya ya nini? Nilikuwa napigania bega lake.

Msimu uliotangulia tulikuwa tunashuka mteremko wa kuelekea Webuye, yeye mbele mimi nyuma, tairi yake ya mbele ikapasuka. Baiskeli ilimrusha, akabingirika, akaacha ngozi ya paja kwenye lami. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya bega na shingo, ulivunjika ukachungulia nje. Hospitalini Bungoma walimtia chuma na skurubu, na daktari akamwambia nikiwa nimesimama hapo hapo, "Ukivunja tena hapa, huu mkono hautapanda kupita kifua." Ndugu yangu ni fundi wa mjengo. Mkono usiopanda haujengi ukuta, na nyumbani kuna mke na watoto wanaokula kwa mkono huo.

Nilimwambia aache mashindano. Akasema afadhali nimkate miguu kwa panga. Kichwa maji huyo, tangu utotoni. Basi nikamwambia sawa, endesha, lakini tairi nachagua mimi.

Ndiyo tukaenda dukani. Yeye macho yake yakaenda juu, kwenye tairi nyembamba za milimita ishirini na tatu zenye ukingo mwekundu, zilizokuwa zimening'inia pale dirishani zikipigwa na jua tangu sijui lini. Nilishusha moja nikaikunja. Ubavuni ilikuwa imepasukapasuka kama kisigino wakati wa kiangazi.

"Hii imekufa," nikasema.

"Dada, hii ni mpya!"

"Ni mpya na imekufa."

Nilichagua za ishirini na nane, pana, nyeusi, zisizo na meno kwa sababu mashindano yetu ni ya lami. Niliminya ubavu wa moja nikaona ni laini, nikaipitisha kwenye uma wa baiskeli kuhakikisha haisugui. Nikamweleza polepole, ingawa mimi na polepole hatujuani: tairi pana yenye upepo wa kiasi inakaa barabarani, inameza shimo. Nyembamba iliyojazwa mpaka ikawa jiwe inaruka kila mahali, na ikiruka kwenye kona umekwisha. Akasema ataonekana kama mtu anayepeleka kabichi sokoni. Akasema nataka kumfanya mwanamke. Nikamjibu kwamba huyo mwanamke humwacha nyuma kila mlima, na watu wote wanajua. Hapo ndipo ngumi ikaja.

Tairi pana tukazinunua, yeye mdomo umevimba, mimi jicho.

Sasa lazima niseme kuhusu kidole gumba. Huku kwetu karibu kila mwanamume amejifunzia baiskeli ya mizigo. Amebeba gunia la mahindi, kreti za soda, mgonjwa, mama na watoto wake. Tairi ya mzigo hujazwa upepo mpaka ukiigonga inalia, na anayetembea na tairi inayobonyea huonekana mvivu au hana pampu. Kwa hiyo watu wakikutana na baiskeli, kabla ya salamu kwisha mmoja ameshainama kubonyeza tairi ya mwenzake kwa kidole gumba. Wakaja na tabia hiyo kwenye mashindano. Pale pa kuanzia, wanaume wanazunguka wakibonyezana tairi, na ikibonyea kidogo tu utachekwa mpaka Bungoma tunakomalizia. Mimi nina kipimo cha upepo. Walikuwa wakikiita kipimo cha presha ya wajawazito.

Asubuhi ya mashindano Kitale ilikuwa baridi, ukungu umelala kwenye mashamba. Tairi za ndugu yangu nilizijaza mwenyewe kwa kipimo, nikamwambia mtu asiziguse. Wanawake tulikuwa wachache, tukachanganywa na wanaume, na hilo lilinifaa kwa sababu nilitaka kumwona njia nzima.

Akaja jitu moja la Myanga, zamani mtu wa bodaboda ya baiskeli, mapaja kama vinu. Akainama, akabonyeza.

"Ati hii ni tairi ama ni ugali haijaiva?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikampiga kofi la mkono. "Ukigusa tena nitakung'ata hicho kidole mpaka mfupa."

"Wacha we! Kumbe analindwa na dada yake!"

Walicheka vibaya sana. Nilimwangalia ndugu yangu nikaona uso umebadilika, na nikajua kicheko kitamshinda. Wakati huohuo nikaitwa kubandikwa namba mgongoni. Niliporudi, lile jitu lilikuwa limelalia pampu kwa uzito wote wa mwili, na ndugu yangu amemshikia gurudumu.

"Toa upepo!" nikapiga kelele. "Toa sasa hivi, mbwa wewe!"

"Songa, dada," akasema, bila kuniangalia. Filimbi ikalia.

Tangu Kiminini nilimwona akirukaruka. Kila kiraka cha lami kilimpiga mikononi, mikono ikampiga bega, naye alikuwa ameuma meno. Nilijisukuma mpaka ubavuni mwake nikamlilia asimame kidogo tu, apunguze. "Nyamaza!" akaniambia. Mtu mmoja akanipiga kiwiko cha mbavu nikatupwa pembeni kwenye changarawe. Nilirudi, nikamkamata jezi, nikamvuta mpaka akayumba, akanitukania mama yetu. Ndivyo tunavyoendesha huku. Anayekuambia baiskeli ni mchezo wa upole hajawahi kukaa katikati ya kundi letu.

Ilikuwa wakati wa mavuno. Tulipopita Kamukuywa, watu walikuwa wameanika mahindi kandokando ya lami, kama kawaida, punje zimetandazwa na mawe yamepangwa kuzuia magari. Kila mtu wa huku anajua punje zikiwa chini ya gurudumu zinafanya nini. Tungezikwepa, lakini lori la miwa lilitokea mbele likiwa limejaa hadi pembeni, na kundi zima likasukumwa kwenye mahindi.

Mimi tairi zangu, za upepo wa kiasi, zilizama, zikateleza, zikashika. Nilipita. Zake ziliruka. Gurudumu la mbele lilipiga punje likaruka, likashuka upande, na ndugu yangu akaenda chini. Watatu wanne wakamwangukia.

Lakini alianguka upande ule mzima! Niliona kwa macho yangu, nikamshukuru Mungu kwa sauti, pale pale barabarani, nikilia na kutukana pamoja. Alijitoa chini ya baiskeli za watu, akapiga magoti, akalishika lile bega bovu, akalipapasa. Akaniangalia akacheka, damu puani.

"Liko sawa," akasema.

Ndipo wenye mahindi wakafika. Alikuwa mama mmoja wa makamo na vijana wake, wametoka mbio uani na fimbo walizokuwa wakipuria mahindi. Yale mahindi yalikuwa yametawanyika mtaroni, mengine yamelowa damu. "Mahindi yangu!" alikuwa analia. "Chakula cha watoto wangu!" Jitu la Myanga lilipigwa moja ya mgongo, likaokota baiskeli na kutimua. Ndugu yangu alikuwa bado amepiga magoti. Fimbo ya mama ilimshukia begani, kwenye chuma.

Mlio ule niliusikia.

Sikumbuki kuangusha baiskeli yangu. Nakumbuka niko juu ya yule mama, mama wa umri wa kuniita mtoto, nampiga usoni, namng'ata mkono, na vijana wake wananivuta nywele na kunipiga mateke mgongoni. Nilipata jiwe, mojawapo ya yale ya kuzuia magari. Leo simlaumu mama wa watu. Siku ile ningemuua, na ninasema hivyo nikiwa na akili zangu.

Kilichotuzuia ni ukelele wa ndugu yangu. Hakuwa analia kama mtu mzima. Mama alisikia, akaacha kupigana nami, akageuka akaona jinsi mkono ulivyoning'inia. Akatupa fimbo, akashika kichwa. "Uwi! Nimeharibu mtoto wa wenyewe!" Alivua leso kiunoni, mdomo wake unavuja damu, akamfunga ndugu yangu mkono na kumwambia pole, pole baba, pole. Mmoja wa wale vijana, aliyekuwa amenipiga mateke sasa hivi, akaleta pikipiki. Ndugu yangu akapakiwa katikati, mimi nyuma nikimshikilia, tukaenda Webuye hospitalini. Njiani alikuwa ananiuliza kama mkono utapanda. Nikamwambia utapanda. Nilijua nasema uongo, na yeye alijua.

Daktari wa Bungoma hakukosea. Mkono unafika kifuani unasimama.

Juzi nilimtembelea kwake Matulo. Nilisikia kishindo kabla sijafika mlangoni. Alikuwa amejaribu kujenga jiko la nje, mwiko wa fundi mkono wa kushoto, na ukuta ukapinda hata mtoto angeuona. Sasa alikuwa anaubomoa kwa nyundo, anaupiga, anautukana, matofali yanaruka mpaka kwenye migomba. Mke wake aliketi na watoto ndani, mlango umefungwa. Nilisimama. Aliponiona alirusha tofali, likapita karibu na sikio langu.

"Ukinionea huruma nakupasua," akasema.

"Nani amekuonea huruma? Nimekuja kula."

Alisimama akihema, machozi yamechora njia kwenye vumbi la mashavu. Kisha akaanza kuokota matofali kwa mkono wa kushoto, moja moja, akiyapanga upya. Nilitaka kumsaidia kubeba, nikajizuia, na kujizuia si tabia yangu. Alipomaliza mstari wa chini akanirushia uzi wa kupimia, akaniambia nishike ncha ile ya pili, niuvute sawasawa, na nikiulegeza hata kidogo atanipiga mbele ya watoto wake.

Niliushika kwa mikono yote miwili mpaka jioni, na mstari wa pili ukatoka umenyooka.