Sauti ya Benchi la Nyuma

Tupokigwe wa Ilomba, mwimbaji wa kwaya, alicheza ngoma kwenye msiba wa baba yake, kama Wanyakyusa walivyozikana tangu zamani. Kanisa likamtenga: akae benchi la nyuma mpaka atubu.

Mzee wa kanisa, Sedekia, alimfuata kumwonya. Akamkuta kwa jirani yake Mwanahawa, analia mbele ya gramafoni, taarabu inalia.

"Na huku nako?"

"Mzee, ngoma ilimlilia baba. Hii inanililia mimi. Na nyimbo za kanisani ni zangu pia. Nitubu nini?"

Jumapili, kwaya iliyomkosa ilipoyumba, Tupokigwe aliudaka wimbo kule nyuma kwa sauti yake yote. Kwaya ikamfuata.

Tangu siku hiyo ikawa inaongozwa kutoka nyuma. Kutubu, hakutubu.