Mazabodi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alivunjika nyonga Nyangoto, ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, miaka ile bei ya dhahabu ilipopanda na kila mwenye mikono akakimbilia mawe. Kijiji kilijaa watu wa kila pembe, wengine wamevuka Sirari kutoka Kenya, wengine wametoka vijiji vya Serengeti kama sisi. Yeye alikuwa anachimba. Mimi nilikuwa na banda la mabati karibu na karasha la kusagia mawe, nasonga ugali na kukaanga dagaa, na vumbi jeupe likitua juu ya kila nilichopika.

Siku matimba yaliyoshikilia kuta yalipokatika na shimo likamfukia, waliomtoa ni wenzake wa duara lile lile. Waliacha sululu wakachimba kwa mikono, maana hawakujua kichwa chake kiko upande gani. Mbele yao alikuwa kiongozi wao, mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye ndiye aliyekuwa akikata miti ya kushikilia kuta za shimo. Alipomfikisha juu, kucha tatu za mikono yake mwenyewe zilikuwa zimeng'oka. Aliniambia tu, "Anapumua," akaenda kukaa pembeni.

Mgao wa pale ulikuwa wa mawe. Duara likitoa, mwenye duara anachukua sehemu yake na kila mchimbaji anapata mifuko yake. Aliyelala hospitali hana mfuko, na hakuna anayeuliza kwa nini. Ndiyo maana nilishtuka siku yule mrefu alipoingia bandani kwangu na mfuko begani, akautua karibu na jiko.

"Huu ni wa mura," alisema, yaani wa kijana wetu.

"Mura yuko kitandani. Hajachimba."

"Tunajua aliko. Sisi ndio tuliomtoa."

Wakaendelea hivyo kila mgao, mpaka duara lile lilipokufa. Mimi nilikuwa naupeleka mfuko kwenye karasha, na kinachopatikana nakitunza. Hadi leo nikikumbuka watu wale, wengi wao hawakuwa hata na viatu vizuri, nashindwa nianzie wapi kuwashukuru.

Baada ya hospitali nilimleta chumbani kwangu Nyamisangura, mjini Tarime, na mama akaja kutoka kijijini kumwuguza. Mfupa uliunga. Daktari akasema aanze kusimama na magongo, taratibu, kila siku. Hakusimama. Tulimsihi, tukamkaripia, mama akamwombea. Aligeukia ukuta. Magongo yalikaa nyuma ya mlango mpaka utando wa buibui ukatanda juu yake.

Kisha siku moja, bila kugeuka, akasema anataka kompyuta ya gemu.

Kabla ya kwenda kuchimba alikuwa mchezaji wa kutajika katika chumba kimoja cha gemu pale Tarime, hasa gemu za mbio za magari. Nilijua anaipenda michezo ile, lakini nilikasirika. Nilimwambia wenzake hawakuvunja migongo yao ili yeye aendeshe gari la kwenye kioo. Mama, ambaye alikuwa anachambua mboga mlangoni, ndiye aliyejibu.

"Mnunulie," alisema. "Mgonjwa asipopata pa kuweka mawazo, anayaweka kwenye mguu wake."

Mama yangu hakuwahi kugusa kompyuta. Alikuwa anaogopa hata kupiga simu. Lakini aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kutoka kwenye mboga, na mimi sikubisha tena.

Tukaanza kukusanya, kimoja kimoja. Kutoka kwa mtu wa Sirari aliyekuwa anafunga chumba chake cha gemu tulipata prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kadi mbili za picha zinazofanana. "Hizi ziko sawa kabisa, madam," aliniambia. "Zimekaa pamoja tangu zitoke kwa boksi." Kadi moja kubwa hatukuimudu. Mdogo wangu alinieleza kwamba mbili ndogo zikiunganishwa zinagawana kazi ya kuchora picha, kama watu wawili wanaopalilia shamba moja kutoka pande mbili, na kwamba zikifanya kazi huchemka sana. Kilichobaki kigumu kilikuwa mazabodi, ule ubao mpana ambao kila kitu cha kompyuta kinachomekwa juu yake. Mazabodi nyingi zilikuwa na nafasi ya kadi moja tu. Tarime yote tulikosa ya kadi mbili.

Nilikuwa na safari ya kijijini, kuangalia muhogo wa mama, na njia yangu ilipita Mugumu. Mdogo wangu akasema nichukue kadi zote mbili na ile prosesa, nikikuta mazabodi nijaribishe. Nilizifunga kwenye kitenge. Alinifundisha akiwa amelala, ananichorea kwa kidole juu ya shuka.

"Tafuta nafasi mbili ndefu, dada. Lakini usidanganywe na urefu. Chungulia ndani. Kuna meno madogo ya shaba. Nafasi ya kwanza meno yafike mwisho. Ya pili yafike angalau nusu. Yakiishia robo, kadi ya pili itakuwa inapumulia kwenye mrija."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu aumie kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja.

Mugumu palikuwa na mzee mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, aliyekuwa ameishi huko muda mrefu hata watu wakasahau kwamba alitoka mbali. Aliuza redio, betri, simu, na upande wa nyuma alikuwa na rafu ya vipuri vya kompyuta. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, akanipa kiti. Nilipomweleza ninachotaka, na mgonjwa ninayemtafutia, hakucheka. Alichukua prosesa yetu, akaiangalia kwa miwani, kisha akatoa mazabodi mbili alizosema zinaikubali.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ndogo, nyeusi na nyekundu, ndani ya boksi lenye picha ya moto. Ya pili ilikuwa kubwa, imetumika, ina mikwaruzo, haina boksi. Ilitolewa kwenye kompyuta ya studio moja ya video iliyofungwa.

"Kubwa ina tatizo," mzee alisema kabla sijauliza. "Nafasi moja ya ramu, ya vipande vya kumbukumbu, imekufa. Zilizobaki ni nzima, nimezijaribu. Nakwambia sasa ili usije ukanilaumu."

Nilimpigia mdogo wangu. Simu yake haikupatikana. Mama naye hakupatikana. Baadaye nilijua umeme Tarime ulikuwa umekatika tangu jana yake na simu zote mbili zilikuwa zimezima. Nilikuwa nimeshatoka kijijini, na gari la kurudi Tarime lilikuwa linaondoka alasiri. Moyo wangu wote ulikuwa kwenye ile mpya, na nilijua mdogo wangu naye angeipenda hiyo. Ilikuwa nzuri machoni.

Adhuhuri ikafika, mzee akachukua kofia yake.

"Mwanangu, naenda kuswali. Zichomeke kadi zako uone. Mteja akija mwambie asubiri."

Akatoka. Aliniacha na duka lake lote, mimi mgeni nisiyejulikana jina, mlango wazi na droo ya pesa nyuma yangu. Nilikaa pale nikiwa nimenyooka kama niko kanisani.

Nikachungulia meno kama nilivyofundishwa. Kwenye ile mpya, nafasi ya pili ilikuwa ndefu kwa sura, lakini meno yaliishia karibu kabisa na mwanzo, mbele ni mfereji mtupu. Kwenye ile kuukuu yalifika nusu. Ile mpya ikanipa wasiwasi, lakini nilijiambia labda robo itatosha, labda mdogo wangu anazidisha mambo. Kisha nikachomeka kadi zote mbili kwenye ile mpya. Zilikaa zimebanana. Feni ya kadi ya juu ilikuwa imeelekea chini, imekaribia kugusa mgongo wa kadi ya pili. Sikuweza kupitisha hata kidole. Nikazihamishia kwenye ile kubwa. Kati yake palibaki nafasi ya vidole viwili vizuri.

Mimi nimepika maisha yangu yote. Najua jiko lisilovuta hewa linavyokuwa. Kama kadi zile zingekuwa zinachemka kama alivyosema mdogo wangu, basi zikibanana zingechomana tu.

Mzee aliporudi alinikuta nimeirudisha mpya kwenye boksi lake.

"Nachukua kuukuu," nilisema.

"Faida yangu ilikuwa kwenye ile nyingine," alisema, akaanza kuifunga kuukuu kwa gazeti, taratibu, tabaka juu ya tabaka. Akatafuta kwenye kopo la vikorokoro akatoa kipande kifupi cha kuunganisha kadi mbili, akakiweka juu bila kukitajia bei. "Hiki nacho utakihitaji. Mpe mgonjwa pole yangu."

Njia nzima niliipakata. Nilikuwa na hofu. Nilijiona nimekataa kitu kipya nikabeba takataka ya studio, na nimeamua jambo nisilolijua kwa niaba ya mtu aliyekuwa hana furaha nyingine.

Mdogo wangu alipofungua gazeti, uso ulimshuka. Aliomba tochi. Akachungulia nafasi ya kwanza, akachungulia ya pili, akapima kwa vidole pengo lililokuwa kati yake. Mama akaacha kukoroga uji.

"Kulikuwa na nyingine?" aliuliza.

"Ilikuwepo mpya. Meno yaliishia robo, na kadi zilibanana."

"Mimi ningechukua mpya," alisema. "Pengo sikulifikiria kabisa." Kisha akanishika mkono, akaushikilia. Hakuwa mtu wa kushika mikono.

Kwa kuwa ubao ule ulikuwa mkubwa, haukuingia kwenye kasha la kompyuta tulilokuwa nalo. Yule mrefu wa Nyangoto alipokuja kumjulia hali akaona tatizo. Wiki iliyofuata akaja na fremu aliyoichonga mwenyewe kwa mbao, ya wazi pande zote, na miguu minne. Kazi yake ilikuwa miti ya mashimo, lakini fremu ile ilikuwa laini kama meza ya madhabahu. Mdogo wangu aliunganisha vitu akiwa amelala ubavu, mimi nikimshikia tochi na skrubu. Tukawasha. Hakuna kitu. Tukazima, tukaangalia, tukawasha. Feni zilizunguka lakini kioo kilibaki cheusi. Nilianza kusali kimya. Kumbe kulikuwa na waya mdogo wa umeme, wa pembeni mwa prosesa, tuliousahau. Tulipouchomeka, kioo kikaangaza, na mama akasema "Asante Yesu" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyepokea chenji.

Jumapili wenzake wa duara walikuja kuona mawe yao yamegeuka kuwa nini. Walijaa chumbani, wengine wakasimama mlangoni. Mdogo wangu akasema wa kwanza kucheza ni yule mrefu. Akakaa mbele ya kioo, mikono yake mikubwa juu ya kibodi, akaanza kuliendesha gari kuelekea bondeni, na chumba kizima kikamwelekeza kwa pamoja, kushoto, kulia, breki. Katika kuliokoa gari akarusha goti, akagonga meza, waya wa nyuma ukachomoka. Kioo kikazima.

"Msiguse," mdogo wangu alisema. Na akainuka.

Hakuomba magongo. Alishika ukingo wa kitanda, kisha bega la yule mrefu, kisha meza, akazunguka hadi nyuma, akainama akachomeka waya. Ni pale aliponyooka ndipo alipotambua kwamba amesimama. Yule mrefu hakusogea, alibaki amekaza bega lake kama mti wa shimo ili liendelee kushikwa. Mama aliweka sufuria chini, akatoka nje, na niliposikia anajifuta pua nikajua hahitaji kufuatwa.

"Mguu unauma?" nilimwuliza.

"Unauma," alisema. "Lakini unabeba."

Kuanzia siku ile alisimama kila asubuhi. Magongo yalifutwa utando. Baadaye yakawa fimbo.

Kuhusu kadi mbili, alikiri kwangu kwamba gemu nyingi alizocheza hazikujua hata kuzitumia zote. Ya pili ilikuwa inakaa tu, inazungusha feni. Ile ya mbio za magari ndiyo iliyozitumia vizuri, na ndiyo aliyoitaka. Majirani walianza kumletea kompyuta zao zilizokufa, akawa anazifungua juu ya kitanda, halafu juu ya meza, halafu kwenye kibanda chake mwenyewe karibu na soko. Duara lile la Nyangoto lilishafukiwa. Yule mrefu alihamia machimbo mengine, mbali, na hutupigia simu mara chache, anaongea kwa sauti yake ile ndogo mpaka lazima niweke sikio vizuri.

Nilipopita tena Mugumu niliingia dukani kwa mzee kumshukuru. Hakunikumbuka. Nilimweleza yote, mazabodi, nyonga, waya uliochomoka, naye akasikiliza mpaka mwisho, akaagiza chai, tukanywa.

Banda la mabati nililiacha. Sasa ninapika hapa hapa Tarime, kwenye nyumba yenye sakafu. Mdogo wangu ameoa, anachechemea kidogo msimu wa mvua, na Jumapili wanakuja kwangu wote. Watoto wake wanakula kwanza. Yeye akishiba anajinyoosha kwenye mkeka barazani, anafunika uso kwa kofia na kulala, na hakuna anayemwamsha.