Yai Lililosukumwa Nje ya Kiota

Nilipokuwa mtoto huko Jidda, mtaa wa Sharafiya, kulikuwa na kuku nyumbani kwetu aliyeheshimiwa kuliko mgeni wa Idi. Alikuwa wa Bibi, mama yake baba. Bibi alitoka Unguja akiwa msichana, akaja na imani zake zote pasipo kusahau hata moja. Ikama zetu, vibali vya kuishi nchini, zilikuwa zikiisha muda wake na kutuhangaisha, lakini imani za Bibi hazikuisha.

Kuku akianza kuatamia, nyumba nzima ilibadilika. Kiota chake kilikuwa kreti la nyanya huko sutuhini, juu ya paa, kwenye kivuli cha tangi la maji. Bibi alitia mchanga, juu yake akatandika kanga iliyochakaa, kisha akaweka pembeni kipande cha mkaa na pilipili kavu, ili jicho baya lipate cha kushughulika nacho. Mayai aliyapanga yeye tu, kwa mkono wa kulia. Ilikuwa marufuku kupiga kelele huko juu au kuyahesabu kwa sauti. Na sharti kubwa kuliko yote lilikuwa hili: mwenye mimba asimtazame kuku aliyeatamia. Kwa Bibi, wawili hao wangegombea riziki moja, na mmoja wao lazima angekosa.

Mwaka ninaousema, Mama alikuwa na mimba. Tangu anizae mimi, mimba zake zilikuwa zikiharibika, na kila mara Bibi alikuwa na sababu. Mara Mama alikaa mlangoni wakati wa magharibi, mara alikata nguo siku isiyofaa. Bibi hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kama mtu anayetafuta funguo zilizopotea, ila kila alipotafuta, alitafuta mikononi mwa Mama. Mama aliinama tu akaendelea kuchambua mchele. Nilikuwa mdogo, lakini niliona vidole vyake vikikaza.

"Ushasikia?" Bibi alimwambia. "Usende juu mpaka kuku atotoe. Safari hii tusifanye makosa."

Alisema "tusifanye," lakini sote tulijua anamwambia nani.

Kazi yangu ilikuwa kumpelekea kuku maji. Siku moja baada ya Alasiri nilipanda na kopo langu, nikamkuta Mama ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, anatazama kiota.

"Mama, shuka! Bibi kasema—"

"Shh. Njoo utazame miguu yake."

Kuku alikuwa amemaliza kula na sasa anarudi. Nilitegemea atarukia kretini kwa uzito wake wote. Hakuruka. Aliingia polepole, amekunja vidole, makucha yameelekea ndani, akipapasa nafasi kati ya yai na yai. Akayageuza kwa mdomo, moja moja. Kisha akajishusha, kifua kwanza, akajitikisa kushoto na kulia mpaka mayai yakazama kwenye ngozi ya tumbo alipokuwa amejinyonyoa manyoya. Uzito wake mwingine ulibaki miguuni.

"Umeona?" Mama alisema. "Mnyama mzito na makucha yake, wala hayavunji. Hayakalii. Anayafunika tu." Halafu, kana kwamba sikuwapo, akasema, "Na miye nilikuwa natembea hivyohivyo."

Sikumwelewa. Nilichojua ni kwamba sharti limevunjwa na mimi nimeona. Nilimpenda Mama na nilimwamini Bibi, na mambo hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja kifuani mwangu. Kila nikisali nilimwomba Mungu asimwambie Bibi.

Siku chache baadaye nilipanda nikakuta yai moja nje ya kreti, sakafuni, limepasuka na linanuka. Kuku mwenyewe alikuwa amelisukuma nje. Nikapiga ukelele. Bibi alikuja juu akihema, na nyuma yake Mama, mkono chini ya tumbo.

"Ni kwa sababu Mama alimtazama!" nikalia. Siri ilinitoka kabla sijajua kama nasema.

Bibi akageuka. "Umepanda huku?"

"Nimepanda, Mama," alijibu mkwewe. "Kila siku."

"Basi ndo haya! Ndo yaleyale, nasema lakini husikii—"

"Na huyu je?" Mama alimwonyesha kuku, ambaye alikuwa bado ametulia juu ya mayai yaliyobaki, jicho moja limefumba. "Mkaa umemtilia. Pilipili umemtilia. Hakukaa mlangoni magharibi, hakukata nguo. Hashuki ila kula na kunywa. Yeye kakosea nini?"

Sauti yake haikupanda. Ingepanda, Bibi angejua la kujibu. Bibi akachuchumaa kwa shida, akaliokota lile yai kwa pindo la kanga, akalinusa, akalipasua zaidi kwa kidole gumba akatazama ndani.

"Viza," akasema mwishowe. "Tokea mwanzo lilikuwa viza."

Kisha akakaa palepale kwenye saruji yenye joto, akalia. Sikuwahi kumwona Bibi akilia. Mama naye akajishusha taratibu akakaa kando yake. Hakuna aliyenikumbuka mimi na kopo langu.

Kesho yake Bibi mwenyewe alipandisha mkeka na mto, akavitandika kwenye kivuli cha tangi. "Kama lazima umtazame," alimwambia Mama, uso umekunjwa, "mtazame umelala."

Vifaranga walitoka. Mdogo wangu naye alizaliwa salama, akilia kwa hasira, na chini ya mto wake Bibi aliweka mkaa na pilipili kavu, maana hakuwa ameacha kuamini. Aliacha jambo moja tu: hakumuuliza tena Mama amekosea nini.

Leo naishi Riyadh, karibu na Batha, kwenye ghorofa lisilo na kuku wala ruhusa ya kupanda juu. Nimeshasoma kwamba yai lina umbo la kuba na ganda lake hugawa uzito, kwa hiyo mama yake anaweza kulielemea bila kulivunja. Naamini. Ila mwaka jana mimba yangu iliharibika, na nilichosoma hakikunisaidia chochote. Nilirudi kutoka hospitali nikalala nikijiuliza ni kipi: zile ngazi, ile ndoo ya nguo, au safari ya basi ya kwenda Jidda kuwasalimia Mama na Bibi.

Mama alinipigia, tukalia pamoja. Kisha akasema Bibi anataka simu. Siku hizi Bibi anasahau hata majina ya wajukuu zake. Nilijikaza, nikasubiri anitajie sababu.

"Salha," alisema, na jina langu hakulikosea. "Yule kuku hakukosea kitu."

Akamrudishia Mama simu. Nililia mpaka usingizi ukanichukua, na nilipoamka sikujiuliza tena habari ya zile ngazi.