Zahoro Afunga Nyumba Kama Shehena

Zahoro alikuwa utingo miaka ishirini na sita. Utingo ndiye anayelala juu ya mzigo wakati dereva amelala kwenye kitanda cha kabini, na mzigo ukidondoka anaulizwa yeye. Wa Zahoro haukuwahi kudondoka. Alifunga mbolea, mitambo ya mgodini, na mara moja jeneza na wafiwa wake saba, wote wakafika Lubumbashi kama walivyopakiwa. Magoti yalipokataa kupanda tela akastaafu, akajenga Tunduma, hatua kumi kutoka foleni ya magari yanayosubiri kuvuka mpaka kuingia Zambia, ili ukimya usimnyime usingizi.

Nyumba ndiyo mzigo pekee uliomshinda. Novemba mbili mfululizo upepo uliezua mabati. Mwaka jana yalikutwa kwa jirani yake Yesaya, yamelala juu ya migomba kwa adabu. Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba upepo mkali unakuja Jumanne, mkewe Mwanamvita alisema, huku anachambua mchele:

"Baba Yasmini, safari hii bati likiondoka, nakwenda Pangani kwa dada yangu. Sirudi."

"Haliondoki."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo. Tena ukiwa umekaa chini yake."

Yesaya, Mndali wa Ileje, alileta ushauri wa kwao: viroba vya mchanga juu ya bati, basi. Zahoro alimtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekuja na mizizi yake mfukoni.

"Mchanga unakalia mzigo. Haufungi mzigo."

"Mzee Zahoro, kule milimani nyumba zetu bado zipo."

"Zipo kwa sababu upepo hauna hamu nazo."

Jumanne asubuhi akatoa kamba yake ya kazi. Akaifunga kwenye kisiki cha mkaratusi nyuma ya nyumba, akaipitisha juu ya paa, akaikaza kwenye kenchi mbili za paa, kisha akaishusha mbele. Mbele hakukuwa na kisiki. Hakukuwa na mti wala nguzo. Kulikuwa na semi yenye tani thelathini za saruji, imesimama pale tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Dereva wake, Gasper, alishaanika soksi kwenye kioo cha pembeni na dukani wanamkopesha. Kwa mtu yeyote wa Tunduma, kitu hicho kilikuwa imara kuliko msingi wa nyumba.

"Gari hili linaondoka lini?" Zahoro aliuliza, kwa kutimiza utaratibu.

"Mzee wangu, mimi nimeanza kusahau sura ya mke wangu. Wewe funga."

Akafunga fundo lake, lile linalozidi kukaza kadiri linavyovutwa.

Saa tano foleni ikasogea. Hakuna aliyejua kwa nini. Wa nyuma wakaanza kupiga honi, maana ukiacha nafasi kwenye foleni ya Tunduma umeigawa. Gasper akazinduka, akawasha, akatia gia. Hakukumbuka nyumba, madereva hawafundishwi kukumbuka nyumba. Kenchi zikalia. Paa likainuka upande wa mbele, kama mtu anayevua kofia kusalimia.

Zahoro alitoka na kandambili moja, akapiga tela kwa ngumi. Gari likasimama.

"Rudi nyuma."

"Nyuma yangu kuna tanki la mafuta, mzee."

"Basi kaa hapo hapo."

"Nikikaa wananipita."

Yesaya akaja na panga. Zahoro hakulitazama. Alikuwa anapambana na fundo kwa kucha.

"Kamba haikatwi," alisema. "Inafunguliwa. Miaka ishirini na sita sijakata kamba."

Mwanamvita akalichukua panga mkononi mwa Yesaya, akakata kwa mapigo mawili. Paa likashuka, ila si pale lilipokuwa. Gasper akaenda na kipande cha kamba mita arobaini, foleni ikasimama tena.

Mwanamvita alirudisha panga, akasema ahsante, akaingia ndani kufunga begi. Sauti ya zipu ilisikika hadi barabarani. Alikuwa anatafuta viatu wakati mbingu ya upande wa Zambia ilipobadilika rangi na vumbi likaanza kusimama wima. Yesaya akawahi kwake, kwenye viroba.

Zahoro akapitisha kamba iliyobaki kwenye mwanya kati ya ukuta na paa, akaifunga kwenye kitanda chao cha mninga, sita kwa sita. Upepo ulipofika, mguu mmoja wa kitanda ukaacha sakafu.

"Mama Yasmini, panda kitandani."

"Mimi nasafiri."

"Panda. Na begi."

Mwanamvita akatazama juu, akaona mbingu mahali pasipostahili mbingu. Akapanda. Begi akaliweka juu ya mguu unaoinuka. Zahoro akaketi upande wa pili. Kwa nusu saa mabati yalipiga kelele, msumari mmoja ukadondokea kwenye sufuria, lakini hakuna bati lililoondoka.

Kelele zilipopungua, Mwanamvita akashusha mguu. Kitanda kikanyanyuka kidogo.

"Usishuke," Zahoro akasema. "Mpaka nipate kipande kile kingine."

"Kiko wapi?"

"Kwa Gasper."

"Si ukakifuate."

"Na mimi nikishuka, kitanda kinanyanyuka."

Mwanamvita akafungua begi, akatoa kanga, akajifunika miguu.