Siku Niliyokwama Chooni Juu ya Droni

Mimi sikusoma sana, kwa hivyo mkiona nimeanzia katikati mnisamehe. Ndivyo ninavyosimulia hata kanisani wakinipa nafasi, na siku hizi hawanipi.

Mke wa mwanangu alikuwa akisomea Kitale kurusha droni, ile ndege ndogo isiyo na mtu ndani, ya kupigia mahindi dawa. Mimi dawa nilipiga kwa mgongo. Tulipolima tumbaku kule Malakisi nilibeba pampu mpaka mabega yakachubuka, na ilikuwa inavuja, nikirudi nyumbani mke wangu ananiambia nilale upande wa mlango kwa harufu. Marehemu alikuwa na pua kali. Lakini si hayo.

Nilitaka kusema kwamba bila cheti hawaruhusiwi kurusha. Shamba moja kubwa la mbegu huko Kitale lilikuwa limemwambia, lete cheti uanze kazi. Mwanangu yuko Lwakhakha na biashara ya mitumba, leo iko, kesho haiko. Nyumba nzima ilikuwa inangojea hicho cheti. Chuo chao kikawa kinatafuta shamba tambarare la kufanyia mtihani, na langu hapa karibu na Kamukuywa halina hata kichuguu. Nikalitoa.

Asubuhi ya mtihani niliaga kwamba naenda sokoni, nisiwe njiani mwao. Sikufika. Nilikuwa nimekunywa maziwa lala yaliyolala kupita kiasi, tumbo likanirudisha. Nikapitia nyuma, katikati ya mahindi, nikaingia choo changu kilicho ukingoni mwa shamba. Hakuna aliyeniona.

Nikiwa humo nikamsikia mtahini. "Madam, kwanza uzunguke. Hakikisha hakuna mtu ndani ya utepe tuliozungushia shamba. Mtu akitokea, mtihani umeishia hapo."

Vijana wanaosoma naye wakaanza kumtania. "Ukianguka leo utatubebea betri mpaka Kitale, bana!"

"Beba yako, si una mabega ya bure," akawajibu.

Nikamwona kupitia ufa wa ubao. Akaangalia nyuma ya ghala, akainama kuchungulia mistari ya mahindi, akaja mpaka njia ya choo, akasimama. Kisha akageuza uso, akarudi.

Kwetu Bukusu mke wa mwanao hakushiki mkono, hakalii kiti chako. Sasa agonge choo cha baba mkwe? Na mimi je, nipige kelele kutoka mle, ati "Niko huku, mama"? Mdomo ulikataa. Nikasema moyoni, atairusha, ataishusha, wataenda zao, nitatoka.

Droni ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga posho iliyoota mabawa. Maji yakanyesha juu ya mabati, maana siku ya mtihani wanatia maji tu, yakapenya kwenye tundu la msumari yakanidondokea shingoni. Joto, nzi, miguu imekufa ganzi. Kila ilipokwenda mbali nilidhani imemaliza, kumbe inageuka inarudi. Nilishika komeo kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa mlango usije ukafunguka wenyewe.

Ikatua. Wakapiga makofi.

"Vizuri sana, madam," mtahini akasema. "Nitasaini baada ya chai."

Chai! Nikitoka sasa, wote watajua nilikuwa ndani ya utepe. Nikabaki. Nikasikia vikombe, nikasikia viazi vitamu vikisifiwa, viazi vyangu. Halafu nikasikia viatu vinakuja kwenye njia ya choo.

"Hodi, kuna mtu?"

Nikabana pumzi. Mtahini akavuta mlango. Na koo langu, ambalo tangu ujana hukohoa mtu akikaribia nikiwa chooni, likakohoa lenyewe.

"Mzee, umeingia humo saa ngapi?"

Ningesema nimeingia sasa hivi. Lakini nilitoka na shati limelowa mgongo mzima, naye akatazama mabati yanayodondoka. Mke wa mwanangu alikuwa amefika, macho chini.

"Mwalimu, choo nilikiona. Ni cha baba mkwe. Ningekigongaje?"

"Na ingekuwa dawa, ingeuliza kwanza kama ni baba mkwe?"

Hata wale vijana hawakucheka. Hakusaini. Akamwambia arudie siku wakija tena upande wetu.

Jioni mke wa mwanangu alinitengea chakula, akasimama mlangoni. "Baba, kwa nini hukukohoa mapema?"

"Na wewe, mama, kwa nini hukugonga?"

Siku za kungoja zilikuwa nzito, kila mtu akitoka nje anakitazama kile choo kisha anatazama pengine.

Siku ya kurudia nilikaa kwenye kiti nje ya utepe, watu wote wananiona, na sikutia kitu tumboni. Akazunguka ghala, akazunguka mahindi, akafika chooni, akasimama palepale. Mkono ukainuka, ukashuka. Nikaugeukia mlima Elgon kana kwamba sijawahi kuuona. Nikasikia ubao unagongwa.

"Hodi? Kuna mtu?" Sauti ilimtoka kama ya mwizi.

"Hakuna!" nikajibu kwa nguvu kutoka kwenye kiti.

"Mzee, nyamaza, si mtihani wako," mtahini akasema.

Mke wa mwanangu akaufungua mlango wangu mpaka mwisho, akachungulia ndani, akaufunga, akaenda kuirusha.

Siku hizi akija nyumbani kutoka kazini Kitale, nami nikishikwa na haja, naanza kukohoa nikiwa bado uani.